Mayi Ilale kwa Mwenyewe

Joséphine-Marie alikuwa anakandika ukuta wa nyuma kwa mara ya tatu tangu mvua za mwezi wa tisa zianze, na mikono yake ilikwisha kuizoea kazi hiyo hata haikumwuliza kitu tena. Udongo, majani makavu, maji kidogo, kiganja. Udongo, majani makavu, maji kidogo, kiganja. Mgongo ndio uliokuwa unauliza. Ulikuwa mgongo wa miaka sabini na miwili, na swali lake lilikuwa moja tu: mpaka lini.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye avenue ya Mikaratusi, pale Kashebere, mahali ambapo kilima kinachoka na kulala, hatua chache kabla ya kijito. Juu yake kulikuwa na parsele arobaini na moja, kila moja na nyumba yake. Marehemu mume wake alipojenga, zilikuwa sita, zote za majani, na majani ya nyumba yanakunywa kwanza kabla ya kuachia. Halafu watu wakaanza kufika toka upande wa Masisi, godoro kichwani, kila mara vita vilipowasukuma. Wengine walirudi. Wengi walibaki, na kila aliyebaki, akipata tu kupumua, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa manjanja, bati za kuezeka. Sasa ukisimama barabarani unaona kilima kizima kinang'aa bati. Lakini bati halinywi. Bati linapokea mvua kama karani anavyopokea barua isiyomhusu: linaisukuma kwenye meza ya mwingine. Na meza ya mwisho ilikuwa ya Joséphine-Marie.

Alikuwa anayajua maji hayo moja moja. Maji ya Bibiche, muuza kasiksi wa kule juu, yalikuja na harufu ya pombe ya ndizi na makapi ya mtama. Maji ya Zéphyrin, mkatekisti, yaliwahi kuleta kiatu. Kila kilicholetwa alikiweka katika beseni la buluu chini ya kitanda, na Jumapili alisimama kwenye mlango wa kanisa, misa ikiisha, akamrudishia kila mtu kitu chake mbele ya watu, kwa adabu yote.

"Papa Zéphyrin, kiatu yako ya kushoto ilikuja kunisalimia juzi. Ilipitia dirisha."

"Aksanti, Mama."

"Na ya kuume, iko muzima?"

Watu walicheka, Zéphyrin pia alicheka, kisha kila mmoja alipanda kwake na mvua iliyofuata ilishuka vilevile.

Basi siku hiyo ya kukandika, mtu alikohoa nyuma yake. Alikuwa Hubert, ingénieur wa proje fulani ya mjini, mwanaume wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Itebero, kule msituni ambako mtu akikuambia "ni hapa karibu" ujue unatembea mpaka jioni. Alikuwa na siku tatu hapo kilimani akipima mteremko kwa mpira mrefu uliojaa maji. Ilikuwa mara yake ya nne kukipanga kilima hicho hicho. Mpango wa kwanza ulipotea siku watu walipokimbia. Wa pili uliliwa na mchwa katika biro ya chef wa avenue. Wa tatu ulikamilika vizuri sana, na wiki ulipokamilika proje yenyewe ikafungwa. Huu wa nne aliubeba mgongoni ndani ya bomba la plastiki, akitembea pole pole kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Jambo, Mama. Niko naangalia kwenye mayi inapita."

"Jambo, papa. Keti kwanza. Leo mayi haipite, mvula imeenda kupumuzika."

Hubert aliketi juu ya kinu kilichogeuzwa. Alivuta karatasi zake, akaziweka magotini, lakini hakuzifungua.

"Kuko mukutano kesho. Nilitaka weye ujue mbele ya wengine. Kuko karatasi mbili. Ya kwanza ni kanivo mukubwa ya simenti, mufereji moja toka juu mpaka ku kijito."

"Inapita wapi?"

Hubert aliutazama ule ukuta, bado mbichi. "Inapita hapa."

"Pembeni ya nyumba?"

"Katikati ya nyumba, Mama."

Joséphine-Marie alijifuta viganja kwenye kitenge, kimoja, kisha kingine.

"Na miye, napita wapi?"

"Chef anasema uko na mutoto Kirolirwe."

Ni kweli, alikuwa na binti aliyeolewa Kirolirwe, kwa watu wa ng'ombe. Alikwenda kule mara moja, akakaa wiki mbili. Walimpa maziwa, walimpa kona yenye mkeka mzuri, na wote walisema naye kwa upole ule wanaompa mgeni ambaye hajasema ataondoka lini. Alirudi kwa miguu siku ya kumi na tano, na alipoona mlango wake uliopinda alitaka kuukumbatia.

"Na karatasi ya pili?"

"Ya pili haina simenti mingi. Kila parsele inachimba shimo yake, ya mita moja na nusu, inaijaza majiwe. Mayi ya manjanja inashukia ku mwanzi uliopasuliwa, inaingia mu shimo, udongo inakunywa pole pole. Ikizidi, inaenda kwa migomba. Ikizidi tena, njo inatoka. Mayi isitoke kwa muntu mbele ya kulala kwake kwanza."

"Mayi ilale kwa mwenyewe."

"Njo vile."

"Papa, bantu ya hapa hata mugeni wao banamutuma alale kwa jirani."

Hubert alitabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo, kama mtu anayebana matumizi. "Ya pili njo muzuri, Mama. Najua. Lakini nimekwisha kuileta mara tatu, na mara zote tatu nimerudi mikono tupu."

Akaifungua karatasi. Ilikuwa kilima chote, kila parsele kisanduku kidogo, na mishale mingi ya kuonyesha maji yanakopita. Joséphine-Marie aliinama juu yake. Alisoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne linatosha kuona mshale unaodanganya.

"Huu hapa si kweli. Mayi ya Zéphyrin haipite kwa barabara."

"Nilipima, Mama. Mutelemuko unaenda kwa barabara."

"Mutelemuko unaenda. Zéphyrin alifunga na mifuko ya muchanga toka mwezi wa munane, sababu alichoka na matope. Sasa inazunguka nyuma ya shapel, ile kanisa kidogo, inakutana na ya Bibiche."

"Umeona?"

"Ningeona wapi? Mvula ikinyesha miye niko ndani nashika kitanda."

Alikwenda kuleta beseni la buluu. Akatoa kitu kimoja kimoja, akavipanga juu ya mkeka: kifuniko cha sufuria ya Bibiche, ambacho mwanzo wa mwaka kilikuwa kinapitia mlangoni na sasa kinapitia jikoni, kurasa mbili za kitabu cha nyimbo cha Zéphyrin, pipa dogo la rangi, ndala za watu wanne, na chini kabisa, kimefungwa katika kitambaa safi, muhuri wa mbao wa chef wa avenue.

Hubert aliutazama muhuri. "Banautafuta tangu wiki mbili. Bantu banalala ku mulango ya biro."

"Ulikuja wenyewe. Sikuuita."

Mpaka saa sita walikuwa bado wamekaa hapo chini, yeye akisema kitu gani kilikuja kupitia wapi na mvua ya mwezi gani, Hubert akifuta mishale na kuchora mingine. Mwisho kila mshale ulikuwa na jina la mtu.

"Ku shule yetu hawakutufundisha beseni," alisema Hubert.

"Balisahau," alijibu Joséphine-Marie, akarudi kwenye udongo wake.

Mkutano ulifanyika katika darasa la tano la shule, watu wazima wamejibana katika viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Chef Sébastien alisimama mbele, kwenye ubao. Alikuwa mtu mzuri, mnene, mpenda mambo yanayoonekana, na moyo wake wote ulikuwa kwenye kanivo.

"Kanivo, muntu anaiona toka mbali," alisema. "Kanivo inafunguliwa. Bageni banakuja, tunakata ruban, ule utepe ya sherehe. Sasa shimo, utakata ruban gani ku shimo? Tena hii mayi ya mvula haina mwenyewe. Ni ya Mungu."

Joséphine-Marie aliinua mkono kama mwanafunzi, akangoja mpaka akaitwa.

"Chef, ya Mungu ni mvula. Ikishagusa manjanja yako, inakuwa yako."

"Nani amesema?"

"Hii njo imesema." Akafungua kitambaa, akaweka muhuri juu ya dawati. "Mayi yako iliniletea. Ilipitia jikoni, ikasimama karibu ya chungu. Niliuosha."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Walicheka ndani ya viganja, na mabega yalitikisika darasa zima. Chef Sébastien alikuja akachukua muhuri wake, akautazama chini, akaupangusa kwenye suruali, akautia mfukoni.

"Sawa. Tujaribu shimo. Bageni ya proje banafika nyuma ya wiki tatu. Kama mvula mukubwa inanyesha mbele yao kufika, na mayi inaingia tena kwa huyu Mama, tunafanya kanivo. Na yeye atakubali kuhama bila maneno. Mama, unakubali?"

"Nakubali," alisema Joséphine-Marie. Hakusema kwa ushujaa. Alisema kwa sababu hakuwa na mgongo wa mara ya nne.

Watu walipoanza kujitoa katika viti, chef aliongeza jambo moja dogo. Wageni wanakuja toka mbali, haifai wanywe maji matupu. Kila parsele itoe kasiksi yake. Wote waliitika, Joséphine-Marie pia, Hubert pia, na hakuna hata mmoja aliyesikia kwamba maneno hayo mawili, shimo na kasiksi, yalikuwa yameanza kuangaliana.

Jumamosi kulikuwa na salongo, ile kazi ya wote, na Jumamosi iliyofuata tena. Joséphine-Marie alipanda kilima akifuata karatasi ya Hubert, fimbo mkononi, akapumzika kwenye kila mlango wa tatu. Alishangaa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona watu wa avenue hiyo wakichimba kwa furaha. Mashimo yalikuwa mazuri, ya pembe nne, kuta zimesawazishwa kwa upanga. Zéphyrin aliondoa mifuko yake ya mchanga mwenyewe. Chef alichimbisha shimo ambalo ng'ombe angeweza kulala ndani bila kukunja mguu. La Bibiche lilikuwa safi hata ungeweza kulifagia.

"Na majiwe?" Joséphine-Marie aliuliza.

"Majiwe tutatia kesho, Mama," alisema Bibiche. "Hii yote iko hapa, unaona?" Na kweli, lundo la mawe lilikuwa pembeni.

Kwa Zéphyrin alijibiwa hivyohivyo. Kwa chef hivyohivyo. Alilisikia jibu hilo kwenye milango karibu yote, na mtu mwenye akili zake angesimama katikati ya njia na kujiuliza. Lakini magoti yalikuwa yanauma na njia ilikuwa bado ndefu, na uchovu ni kama pamba masikioni. Aliteremka akiwa karibu na furaha. Shimo lake yeye lilichimbwa na Hubert kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu yeye hakuweza, na Hubert alimpangia mawe kando, akamwambia mawili matatu kwa siku, bila haraka.

Anayejua kasiksi anajua ilivyo. Ndizi mbichi haikamuliwi. Unachimba shimo, unawasha ndani moto wa majani makavu mpaka udongo upate joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu, unafunika na majani tena, unaweka udongo juu, na siku ya tano unafukua ndizi laini, za njano, tayari kutoa mutobe, maji yake matamu. Kila nyumba ina shimo lake la namna hiyo, bovu bovu, nyuma ya choo. Sasa hesabu wiki hiyo. Wageni wanafika Ijumaa. Pombe inataka kuiva. Na hapa mbele ya mlango kuna shimo jipya, la pembe nne, kavu, limechimbwa na salongo nzima, na mvua imekaa siku tisa bila kuonekana. Nani ataenda kusafisha lile la nyuma ya choo? Siku tano tu. Utafukua ndizi, utatia mawe, na hakuna atakayejua. Kati ya mashimo arobaini na mawili, moja likikosa mawe kwa siku tano, kilima kitajuaje?

Hivyo ndivyo alivyowaza Bibiche. Hivyo ndivyo alivyowaza Zéphyrin, akajiombea msamaha mapema. Chef aliwaza hivyo kwa mikungu kumi na sita. Kila mmoja peke yake, kila mmoja akijiona ndiye mjanja wa avenue.

Na Joséphine-Marie, ambaye nyumba yake ndiyo ilikuwa mezani, aliweka mikungu miwili. Alijiambia lake ni la mwisho, chini kabisa. Wa juu wakifanya kazi yao, maji gani yatamfikia?

Mvua ilifika Jumatano saa nane mchana. Haikuanza na matone. Ilianza na kelele ya bati toka juu ya kilima, bati moja, mbili, kumi, zikipokezana, na ilipofika kwenye bati la shapel Joséphine-Marie alikuwa amekwisha kupandisha unga juu ya dari na miguu yake juu ya kitanda. Alingoja. Hubert alimwambia kwamba safari hii maji yatachelewa, yatalala kwanza mashimoni, na yakifika yatafika yamechoka.

Hayakuchelewa.

Yaliingia kwa jikoni, kwa mlango, kwa dirisha, kama zamani, na kwenye maji kulikuwa na ndizi. Kwanza moja, nusu ya njano, ikageukageuka katikati ya nyumba kama inatafuta mwenyeji. Halafu chane. Halafu majani ya mgomba yenye masizi. Halafu mikungu mizima, ikigongana mlangoni, na maji nyuma yake yakisukuma. Kwenye mashimo yote ya kilima udongo ulikuwa umechukuliwa, majani yameinuka, na ndizi, ambayo haijui kuzama, ilikuwa imepanda juu na kuteremka kwa njia ile ile ya kiatu na muhuri. Mwisho mikungu yake mwenyewe miwili ilitoka katika shimo lake, ikazunguka nyumba, ikaingia kwa mlango mkubwa kama watu wa nyumbani.

Ukuta wa nyuma ulijaribu. Kisha ulikaa chini pole pole, kama mzee anayetafuta kiti, na mvua ikaonekana upande wa pili.

Joséphine-Marie alicheka kidogo. Halafu alichoka kucheka, akakaa tu.

Mvua ilipopungua, Hubert alifika, nguo zimemganda mwilini. Aliona ukuta. Aliona ndizi, zimefika kwenye miguu ya kitanda. Akachukua kinu, akakigeuza, akaketi ndani ya maji.

"Ndizi," alisema.

"Ndizi, papa."

"Ya nani?"

"Ya bote."

Akafikiri. "Na yako?"

"Mikungu mbili. Ile pale karibu ya chungu."

Hubert alianza kukunja karatasi yake, taratibu, ile namna ya mtu ambaye amekwisha kuikunja mara tatu na anajua mikunjo iko wapi.

"Acha kukunja," alisema Joséphine-Marie. "Bado niko na ukuta tatu. Nisaidie kushuka hapa."

Bibiche ndiye aliyetangulia. Alikuja na kapu, akasimama nje, akitazama miguu yake.

"Mama, pole. Eti kuko ndizi kidogo ilipita huku?"

"Kidogo ilipita. Ingia, kama utapata pa kukanyaga."

Bibiche alitazama ndani, akashika mdomo. Nyuma yake Zéphyrin alikuwa anateremka na kapu, na nyuma ya Zéphyrin wengine, kila mmoja akishangaa kumwona mwenzake na kapu. Hawakusalimiana sana. Walisimama kwenye matope mbele ya nyumba yenye kuta tatu, watu thelathini na kitu, na hakuna aliyeuliza mwingine ndizi zake zilitoka wapi.

Joséphine-Marie alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la Hubert.

"Ndizi iko. Hakuna hata moja iliyoibiwa, aksanti ya Mungu. Na yote najua ni ya nani, sababu naona ilipitia wapi, kama vile siku zote. Kila muntu nitamupa yake." Wakasogea. "Lakini mbele, Papa Hubert aende aone majiwe ndani ya shimo yake. Majiwe yote, mpaka juu. Na muntu akirudi kuchukua ndizi yake, alete kapu moja ya udongo ya ukuta yangu, na aikanyage mwenyewe."

"Mama, ndizi hii ilishaiva nusu," alisema Zéphyrin. "Ikikaa mpaka keshokutwa itaoza."

"Itaoza kweli. Miye sina haraka, nyumba yangu haina ukuta, harufu itatoka."

Ndipo chef Sébastien alipofika, koti limelowa, hana kapu kwa sababu ya heshima, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mikungu mirefu iliyokwama dirishani. Aliona watu, akajikumbuka.

"Mama, tulipatana. Mayi imeingia. Bageni bakifika kesho kutwa, nitabaambia."

"Baambie, Chef. Na bakiuliza mayi ilileta nini?"

Chef alifungua mdomo.

"Sababu batauliza," aliendelea Joséphine-Marie kwa upole. "Watasema, hii shimo ilikataa juu ya nini? Papa Hubert ni muntu wa kanisa, hawezi kudanganya. Atasema shimo haijajaribiwa hata siku moja, ilikuwa na kazi ingine. Atasema ya fulani ilikuwa na mikungu mbili, ya fulani mitano. Na ya chef, mikungu kumi na sita."

Maji yalikuwa bado yanadondoka toka kwenye majani.

"Kumi na ine," alisema chef mwishowe, chini chini.

"Nilihesabu kumi na sita. Basi mbili itakuwa ya muntu mwingine."

"Hapana, Mama. Ni kumi na sita."

Akavua koti lake, akamkabidhi Zéphyrin, akapanda kilima. Walisema baadaye kwamba tangu achaguliwe hakuna aliyewahi kumwona ameshika jiwe, na kwamba siku hiyo alibeba mpaka jua likaingia.

Hubert alizunguka parsele zote Alhamisi. Alikuwa anaingiza mwanzi katika kila shimo kuona kama mawe yanafika chini, kisha anaandika tiki. Nyumbani kwa Joséphine-Marie, wenye tiki walifika na udongo, wakavua viatu, wakakanyaga, na mwanamke mzee alimtolea kila mmoja ndizi baada ya kuitazama kwa makini, akiigeuza, akiinusa.

"Kweli unajua ipi ya nani?" Hubert alimwuliza kando.

"Ya Zéphyrin naijua, ilipitia dirisha."

"Na ingine?"

"Ingine nagawa kwa sura."

Bibiche alipata mikungu yenye ndizi ndogo ndogo. Aliitazama, akamtazama mama, akainama akaibeba.

Ijumaa wageni hawakufika. Barabara ilikuwa imekatika mahali fulani, na kuhusu njia hakuna aliyeuliza zaidi, kuuliza kunachosha. Siku ya tano baada ya hapo mvua ilirudi, kubwa kama ile ya kwanza. Joséphine-Marie alipandisha unga, akapandisha miguu kitandani, akaweka beseni tupu juu ya magoti. Alisikia bati zikipokezana. Akangoja. Alingoja mpaka mguu ukafa ganzi. Ndipo maji yalipofika, machache, ya kahawia, yanatembea kama mtu aliyetoka shamba la mbali. Yakagusa mguu wa ukuta mpya, yakaufuata mpaka kona, yakashuka kijitoni. Ndani hayakuingia. Beseni lilibaki tupu, na alijikuta anajiuliza Jumapili atasema nini kwenye mlango wa kanisa.

Wageni walifika siku nne baadaye, watatu, na viatu vya matope. Walitembezwa kutoka shimo hadi shimo. Mmoja alisema kwamba hakuna sana kitu cha kupiga picha, na chef Sébastien, ambaye alikuwa amekwisha kununua ruban, aliifunga kwenye miti miwili juu ya mawe yake, akaikata mwenyewe, akapiga makofi. Kasiksi ilikuwa imekaa siku nyingi kuliko ilivyopaswa. Wageni waliinywa kwa adabu, kisha bila adabu, na waliondoka wakiwa wanampenda kila mtu.

Jumatatu Hubert alikuja kuaga. Bomba lake la plastiki lilikuwa mgongoni, lakini halina kitu ndani. Karatasi ilibaki katika biro ya chef, juu ya ubao mrefu ambao mchwa hawaufikii. Alimkuta Joséphine-Marie anapaka ukuta mpya majivu na udongo mwembamba, ule wa mwisho, wa urembo.

"Balikubali, Mama. Kanivo haitafanyika. Lakini barua inasema ni mpaka mwisho wa musimu ya mvula. Nyuma yake bataangalia tena."

"Mpaka mwisho wa musimu."

"Njo vile balisema."

Joséphine-Marie alifikiri, kiganja kimebaki ukutani.

"Ni sawa. Miye pia nilikuwa nimejipangia vile."

Hubert alicheka, safari hii kwa pande zote mbili za mdomo, akaanza kuifuata njia ya Itebero. Kwenye mwanzi wa kushushia maji, pale juu ya shimo la mawe la Joséphine-Marie, kulikuwa kumefungwa kipande cha ruban ya chef, chekundu, kwa sababu kamba ilikuwa imekatika na hicho ndicho kilichokuwa karibu. Aliangalia mpaka Hubert akapotea kwenye kona. Mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa Masisi. Akachovya mkono. Udongo, majivu, maji kidogo, kiganja.